Kinyama cha umio kimerudi "hakuna saratani" lakini chakula bado hakipiti: uzi wa uvimbe adimu wa koo la chakula

Mkata Mikroni (mwenye uzi)

Habari zenu wakuu.

Mimi niko maabara ya histolojia, hospitali ya kanda (msiniulize ipi). Kinyama alichokatwa mgonjwa kinatufikia ndani ya kichupa, tunakigandisha kwenye nta, tunakikata vipande vyembamba vya mikroni 4 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), tunavipaka rangi, kisha mwanapatholojia anakaa na hadubini yake na kuandika jina la ugonjwa. Mimi sisomi majibu. Ila nayaona yanavyotoka, na naona yanavyopokelewa dirishani.

Kuna hali moja inajirudia. Mtu chakula kinamkwama, anamezeshwa kamera, anakatwa kinyama, majibu yanatoka: utando wa kawaida, uchochezi kidogo, hakuna saratani. Ndugu wanapiga vigelegele pale pale kwenye benchi. Miezi inapita, ugali haushuki, wali haushuki, sasa hata uji unasimama katikati ya kifua. Wanarudi wakali: mmechanganya vichupa! Tunaitoa bloku (kile kipande cha nta chenye kinyama ndani), tunakata upya, tunapaka upya. Majibu ni yale yale, na ni ya kweli. Kile kinyama kilikuwa kizima. Uvimbe ulikuwa chini yake na hakuna aliyeufikia.

Umio wa mtu mzima una urefu wa sentimita 25 hivi. Ndani kabisa kuna utando laini unaogusana na chakula. Nyuma ya utando kuna tabaka legevu lenye mishipa ya damu na tezi, nyuma yake misuli ya kusukuma tonge, halafu tishu zinazoushikiza umio kwa majirani zake, yaani bomba la hewa, aota (mshipa mkuu wa damu) na moyo. Koleo la endoskopi, yaani hiyo kamera ya kumeza, lina vijiko viwili vinavyofumbana. Kinachotoka ni kipande cha milimita 2 au 3, na karibu chote ni utando wa juu. Saratani yetu ya kila siku, ile ya skwamasi, inaanzia kwenye utando huo huo, kwa hiyo koleo linaikuta bila shida. Lakini upo uvimbe unaozaliwa kwenye misuli au kwenye tabaka legevu. Huo utausukuma utando mbele kama ulivyo, laini, unang'aa, na koleo litakuletea utando.

Sasa tatizo la kwetu ni mazoea. Kutoka Ethiopia kushuka Kenya, Tanzania, Malawi mpaka Afrika Kusini ni ukanda unaojulikana duniani kwa saratani ya umio, na sehemu kubwa mno ya saratani hizo ni skwamasi. Daktari aliyeona skwamasi wiki nzima, akikuta kivimbe siku ya Ijumaa, jina analo mdomoni tayari. Na akikuta kinyama kimerudi salama, anaandika dawa za tindikali na tarehe ya kurudi. Adimu zinapotelea katikati ya hayo mawili.

Adimu zenyewe ni nyingi, nitataja ninazozijua kwa kuzikata.

Leiomioma ndiyo inayoongoza katika uvimbe wa umio usio saratani. Inatoka kwenye misuli laini, na kwa kuwa theluthi ya juu ya umio ina misuli ya aina nyingine, hii utaikuta zaidi katikati na chini. Wanaume wanaipata kama mara mbili ya wanawake, wengi wakiwa bado watu wazima wenye nguvu zao. Inakua taratibu sana. Wapo wanaoishi nayo bila kujua.

GIST, uvimbe mwingine wa ukuta wa njia ya chakula, inafanana nayo kwa sura lakini tabia ni nyingine kabisa, inaweza kusambaa hadi kwenye ini. Kwenye tumbo ndiko nyumbani kwake. Kwenye umio ni adimu, na hapo leiomioma inaipita kwa mbali.

Uvimbe wa seli za chembechembe (Abrikossoff aliueleza mwaka 1926) ni mdogo, mgumu, wa manjano, wenye kibonde juu, waliousomea wanasema unafanana na gego. Mara nyingi hauna madhara. Mtego wake ni kwamba utando ulio juu yake unaweza kunenepa na kuchimbia chini hadi ukafanana na skwamasi. Kinyama kikiwa cha juujuu tu, mgonjwa asiye na saratani anaweza kupewa saratani. Hapo mambo yamegeuka kichwa chini, miguu juu.

Saratani ya seli ndogo, jamaa wa ile ya mapafu, ni asilimia 1 hadi 3 hivi ya saratani za umio. Melanoma (saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi) iliyoanzia kwenye umio haifiki hata asilimia 1. Kuna limfoma (saratani ya seli za kinga), kuna sarkoma ya Kaposi kwa wenye VVU ambao kinga imeshuka, kuna saratani iliyohamia kutoka kwenye titi au pafu. Na kuna wageni wasio uvimbe kabisa wanaojifanya uvimbe. Hao nawaachia wenzangu wa picha.

Ninachotaka kusema ni hiki: ripoti inajibu kuhusu kipande kilichokatwa, haijibu kuhusu koo zima. "Hakuna saratani" inamaanisha hakuna saratani kwenye hizo milimita tulizoletewa. Kama mgonjwa bado anakwama, uliza vilikatwa vipande vingapi, vilikatwa wapi, na je, kamera iliona kidonda au iliona utando mzima uliotuna. Ukijibiwa "utando mzima uliotuna", usichinje kuku bado.

Karibuni.

Babu Mtata

Mkuu mmesoma sana lakini haya magonjwa zamani hayakuwepo. Ni chai ya moto na mafuta ya kukaangia chipsi. Mtu anywe maji ya mlonge asubuhi na aache chai ya kuchemka. Namaliza.

Mkata Mikroni

Babu, shikamoo. Chai ya moto hujakosea njia. Mwaka 2016 lile shirika la utafiti wa saratani la WHO liliviweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinaleta saratani ya umio. Lakini hiyo ni habari ya skwamasi. Leiomioma haitokani na chai, na mtu anaweza kuwa nayo hata kama maisha yake yote kanywa maziwa baridi. Mlonge kula kama mboga, mimi mwenyewe nakula.

Binti Kirumba

Kaka Mkata Mikroni, huu uzi umenikuta pabaya. Mama ana miaka 52, chakula kigumu kinakwama tangu mwaka jana. Kamera ya kwanza majibu yakawa mazuri. Wakarudia hospitali nyingine, daktari akasema amekata pale pale mara kadhaa ili ashuke chini. Ripoti sasa imeandika kwamba kuna seli ndefu zilizochongoka ncha mbili, hazigawanyiki ovyo, na inashauri imunohistokemia. Tumeambiwa kipimo hicho hapa hakipo, bloku isafirishwe Dar, na tulipe wenyewe. Mjomba anasema ni biashara tu, kama siyo saratani si wamtoe huo uvimbe yaishe. Nimjibu nini?

Mkata Mikroni

Pole na mama, dada. Huyo daktari wa pili kafanya jambo la maana. Kung'ata shimo lile lile mara kadhaa ni njia ya kuuvuka utando kwa koleo la kawaida.

Mjomba mwambie hivi. Kwenye rangi zetu za kawaida, ile zambarau ya viini na waridi ya mwili wa seli, leiomioma, GIST na shwanoma (uvimbe wa ala ya neva) zote tatu ni seli ndefu zilizolala kwa mafungu. Mwanapatholojia mzoefu atakuwa na dhana yake, lakini ukimwambia aape, haapi. Imunohistokemia ni kuvipaka vipande vipya vya bloku ile ile kingamwili zinazotafuta protini maalumu. Protini ikiwepo, seli zinageuka kahawia. Desmini na aktini ya misuli laini zikiwa kahawia huku CD117 haijawaka, hiyo ni leiomioma. CD117 na DOG1 zikiwaka, ni GIST. S100 ikiwaka peke yake, ni shwanoma. Halafu kuna ujanja: ndani ya leiomioma huwa kuna seli za kinga ziitwazo seli masti zilizotawanyika, nazo zinawaka CD117. Msomaji mwenye haraka akiona kahawia hapa na pale anaweza kusema GIST. Anayejua anaangalia ni seli zipi zimewaka.

Kwa nini lisiwe "mtoe tu yaishe"? Kwa sababu upasuaji wenyewe unatofautiana. Leiomioma daktari bingwa anaweza kuichomoa kwenye misuli kama ilivyo, umio ukabaki. GIST kubwa haichomolewi hivyo, ikipasuka inamwaga mbegu kifuani, na mara nyingine wanaanza na vidonge kuipunguza. Ndiyo, vidonge. Mwaka 1998 Wajapani walionyesha kwamba GIST nyingi zina hitilafu kwenye jeni la KIT, na mwaka 2000 mgonjwa wa kwanza wa GIST, huko Finland, alipewa imatinib, dawa iliyokuwa ikitengenezwa kwa ajili ya saratani ya damu. Kabla ya hapo, nyingi ya hizi zilikuwa zinaandikwa tu kuwa uvimbe wa misuli, na kemo za kawaida hazikuzigusa. Kwa hiyo pesa ya kipimo hicho ndiyo inayoamua kama mama anafunguliwa kifua, anapewa vidonge, au vyote viwili.

Binti Kirumba

Nimempelekea mjomba kama ilivyo. Amesoma, amenyamaza. Shukrani sana kaka.

Sista wa Endoskopi

Nakazia, na niongeze la upande wetu kwa sababu lawama nyingine ni zetu.

Kinyama kikitoka kiingie kwenye formalini (dawa ya kukihifadhi kisioze) ya asilimia 10 hapo hapo, na formalini iwe nyingi, angalau mara kumi ya kinyama. Nimeshuhudia kinyama kimekaa kwenye maji ya chumvi usiku kucha kwa sababu formalini iliisha na hakuna aliyesema. Kingine kimewekwa juu ya karatasi ya glavu kikakauka. Hicho hata malaika hawezi kukisoma.

Pili ni fomu. Mkata Mikroni atakubaliana nami, fomu inaandikwa "saratani ya umio?" basi. Kamera imeona mambo chungu nzima lakini kwenye fomu hakuna kitu. Andikeni ni sentimita ngapi kutoka kwenye meno ya mbele (umio unaanzia kama 15, unaishia karibu 40), utando ni mzima au umechubuka, rangi gani, ukigusa kwa koleo lililofumbwa ni kigumu au kinabonyea, kinateleza chini ya utando au kimeshika. Uvimbe wa mafuta unabonyea kabisa. Leiomioma ni ngumu na inateleza. Hayo yote ni bure, hayahitaji mashine.

Na kwa vidonda vinavyoonekana wazi ni saratani, vipande visipungue sita. Kuna wanaokata viwili wakaona inatosha.

Mkata Mikroni

Sista umenifuta machozi. Kuna siku nilipokea fomu imeandikwa "kooni". Mwisho.

Picha Nyeusi

Mtu wa radiolojia hapa, naona nimeitwa kiaina.

Wagonjwa wengi wanalalamika "daktari ananizungusha, kwa nini nikapige CT scan wakati kamera imeshaona uvimbe". Wakuu, kamera inaona kitu kimetuna ndani ya umio. Haioni kinachokisukuma. Nimeona kwenye picha "uvimbe" ambao ulikuwa aota iliyotanuka. Nimeona mshipa wa mkono wa kulia uliozaliwa umepotea njia, ukapita nyuma ya umio na kuubana. Ukitia koleo hapo kwa nia ya kushuka chini, utazika mtu. Na kwa watu wa Kanda ya Ziwa, kichocho cha tumbo kinaharibu mzunguko wa damu wa ini, mishipa ya chini ya umio inavimba na kutuna kama shanga. Mpasua haraka anaweza kudhani ni vivimbe. Ile haikatwi kinyama kamwe.

Bariamu, ile dawa nyeupe unayomeza ukipigwa eksirei, nayo msiidharau kwa sababu ni ya zamani. Skwamasi inaacha njia iliyochakaa, kingo zimepasukapasuka, bega limejitokeza juu na chini. Uvimbe wa ukutani kama leiomioma unaacha alama laini ya nusu duara na utando juu yake haujakatika. Picha hiyo ikionekana na kinyama kimerudi safi, vitu hivyo viwili havigombani, vinaelezana.

Kuna kimoja cha ajabu kidogo. Kuna uvimbe mrefu unaoning'inia kutoka juu kabisa ya umio, unaweza kufika sentimita kumi na kuendelea, umefunikwa na utando wa kawaida. Kamera ikiteleza pembeni yake, inaweza kupita bila kuuona. Mgonjwa anakuja anasema "nikitapika inatoka nyama mdomoni halafu naimeza tena", watu wanamcheka au wanampeleka kwa mganga. Huyo msikilizeni! Ile nyama ikiziba njia ya hewa anakufa hapo hapo. Na miaka ya karibuni imeonekana kwamba mingi iliyokuwa ikiitwa polipu za nyuzi na mishipa kumbe ni saratani ya mafuta ya daraja la chini, inajulikana kwa kupima jeni la MDM2.

Kitasa

Hiyo ya nyama kutoka mdomoni na kurudi imenimaliza 😳 nimeacha kula kwanza.

Mkulima wa Sotik

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Nasoma kutoka kaunti ya Bomet, na kama mnavyojua huku kwetu ugonjwa huu umetumaliza. Hospitali ya Tenwek imeona wagonjwa wa umio miaka mingi, hata vijana wa chini ya miaka 30. Kuna wakati walitupima watu wazima tu wasio na dalili, wanapaka umio ile iodini ya Lugol, mahali pazima panageuka kahawia na mahali panapoanza kuharibika panabaki peupe.

Kwa hivyo binamu yangu alipoanza kukwama na kukonda, hakuna mtu aliuliza swali. Sote tulijua. Katika hospitali alikoenda kwanza walishaanza kuongea juu ya kuwekewa stenti, kile kibomba cha kufungua njia ya chakula. Kinyama kikaja bila saratani, kikarudiwa, bila saratani. Daktari mmoja kijana akasema ngoja, CT inaonyesha tezi zimevimba kando ya umio na kidonda kiko mkabala nazo. Wakakata tena. Ilikuwa TB. Tezi zilikuwa zimetoboa ukuta wa umio. Alimeza dawa za TB miezi sita, na leo anakula ugali na sukuma kama sisi. Huwa najiuliza kama si yule kijana ingekuwaje.

Mkata Mikroni

Mkulima, asante sana. TB ndiyo mfano uliopaswa kufunguliwa uzi wake peke yake.

Sista alisema kila kinyama kwenye formalini, na ni sawa. Ila daktari akishuku TB, kipande kimoja kisiingie formalini kabisa. Kiwekwe kwenye maji safi ya chumvi na kipelekwe mara moja kwenye GeneXpert (mashine ya kupima TB) na kuoteshwa. Formalini inaua vijidudu, na mdudu aliyekufa haoti. Vipande vingine ndivyo vije kwetu kutafuta vinundu vya TB. Anayefanya kazi hiyo aamue kabla ya kushika koleo, akishatumbukiza vyote hakuna kurudi nyuma.

Daktari wa Zamu ya Usiku

Nimefuatilia kimya kimya. Uzi mzuri, lakini nina ugomvi na mwenye uzi.

Mkata Mikroni anaandika kana kwamba dawa ya kinyama kilichorudi safi ni kukata zaidi na kushuka zaidi. Si mara zote. Kama uvimbe una sura zote za leiomioma na mgonjwa anaenda kupasuliwa, kuuchokonoa kwa koleo kunaacha kovu. Utando unagandamana na uvimbe. Daktari wa upasuaji akija kuuchomoa, utando unapasuka mikononi mwake, na tundu la umio kifuani ni balaa kubwa kuliko leiomioma yenyewe. Tulifundishwa hivyo na bado nasimamia hapo. Chombo sahihi ni altrasaundi ya ndani ya umio. Inaonyesha tabaka tano za ukuta. Uvimbe mweusimweusi unaotoka tabaka la nne, la misuli, kingo safi, mdogo, hiyo ni leiomioma hadi ithibitike vinginevyo. Uvimbe mweupe wa tabaka la tatu ni mafuta. Mweusi tii wenye maji ndani ni uvimbemaji wa kuzaliwa nao. Ukitaka kinyama, unaingiza sindano kupitia kamera hiyo hiyo ukiona unakoelekea.

Mkata Mikroni

Daktari, kuhusu kovu sikupingi, na wewe ndiye unayeshika kisu. Lakini hiyo altrasaundi ya ndani iko wapi? Mgonjwa wa Sumbawanga au Kibondo anaipata wapi? Huko kuna kamera, koleo na CT ya mkoa jirani kama haijaharibika. Ukimwambia asikatwe na huku hana altrasaundi, umemwacha na nini?

Daktari wa Zamu ya Usiku

Umemwacha na rufaa, mkuu. CT yenye dawa ya mshipani kwanza, kisha apelekwe kwenye kituo chenye timu. Ninachokataa ni mtu kuchimba bila kujua anachimba nini, na Picha Nyeusi amekwisha kueleza kwa nini. Lakini kama uvimbe umepita sentimita kadhaa, unakua, una kidonda juu, au picha inatia shaka ya GIST, hapo kinyama cha ndani ni lazima kwa sababu tiba inabadilika. Hapo tuko pamoja.

Seli ndogo ndiyo inayoniuma zaidi. Mtu anafunguliwa kifua, umio unatolewa, kisha ripoti inakuja kuwa ilikuwa seli ndogo, ambayo kwa kawaida imeshasambaa na tegemeo lake kubwa ni kemo na mionzi. Upasuaji ule umempa maumivu tu.

Mkata Mikroni

Kwenye seli ndogo nina la kusema maana ndiyo inayotutesa benchi. Seli zake ni laini mno. Koleo likibana, zinapondeka na kubaki michirizi ya buluu isiyo na umbo. Chini ya hadubini huwezi kujua kama ilikuwa seli ndogo, limfoma au uchochezi tu. Hapo tunategemea rangi za kingamwili: CD45 ikiwaka tunaelekea limfoma, saitokeratini, sinaptofisini na CD56 zikiwaka tunaelekea seli ndogo. Na bado daktari lazima apige CT ya kifua, kwa sababu hadubini haiwezi kusema kama imeanzia kwenye umio au imetoka pafuni.

Melanoma nayo ina lake. Ikiwa nyeusi inajitangaza, lakini nyingine hazina rangi kabisa, zinapita kama saratani isiyojulikana mpaka mtu akumbuke kuomba S100, HMB-45 na Melan-A. Ikishathibitika, mgonjwa avuliwe viatu. Kwa watu weusi melanoma inapenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Kuna baka jeusi kisiginoni mtu analiita mwiba wa zamani, kumbe umio ndio uliohamiwa.

Kitasa

Basi na mimi swali la mwisho kabla sijalala. Baba yangu (61) alipimwa kwa sababu ya kiungulia, wakakuta kivimbe cha sentimita 1 na nusu, kigumu, utando mzima. Alipelekwa kwenye hiyo altrasaundi ya ndani, wakasema ni leiomioma, hafanyiwi kitu, arudi kuangaliwa. Nyumbani tumegawanyika. Dada anasema tunasubiri igeuke saratani.

Daktari wa Zamu ya Usiku

Leiomioma kugeuka saratani ni jambo adimu mno. Kwa ukubwa huo bila kukwama chakula, kuiacha na kuifuatilia ndiyo tiba yenyewe, si uzembe. Kitakachotubadilisha mawazo ni ikikua kati ya kipimo na kipimo, ikianza kumkwamisha, au sura ikibadilika. Na kiungulia chake kitibiwe kama kiungulia, usikute hakihusiani kabisa na hicho kivimbe. Mwambie dada aje hapa aulize.

Binti Kirumba

Narudi tena wakuu. Tumekubaliana, bloku inaenda Dar na basi la kesho, mdogo wangu anaipeleka mwenyewe. Naombwa nini pale maabara? Iwekwe kwenye formalini tena? Na wakitunyima?

Mkata Mikroni

Hapana, usiiweke kwenye kimiminika chochote. Imeshagandishwa kwenye nta, inasafiri kavu. Funga kwenye karatasi, tia kwenye kikopo kigumu kisichobonyea, na mdogo wako asiiweke juu ya dashibodi wala karibu na injini, nta inalainika kwenye joto.

Pale maabara mwende na barua ya daktari inayoomba bloku kwa ajili ya imunohistokemia. Watawapa fomu ya kusaini kwamba mmeichukua, hilo ni la kawaida, si kunyimwa. Ombeni pia nakala ya ripoti ya kwanza na ya pili, na ile taarifa ya kamera yenye sentimita na picha, kwa sababu anayesoma Dar hajamwona mama. Vioo vilivyokwisha kupakwa rangi wakikubali kuvitoa vichukueni, wakikataa msigombane, bloku inatosha. Na mwambie mdogo wako iliyobaki airudishe, wanaweza kuihitaji tena kama daktari ataomba kipimo cha jeni.

Kabla hajaondoka dirishani asome namba iliyoandikwa ubavuni mwa kile kikasha cha plastiki, kisha aifananishe na namba iliyo juu ya ripoti ya mama. Zikitofautiana hata tarakimu moja, asitoke.